Vitenge Kwenye Kulabu za Bucha

Aliyeniibia duka la kwanza ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Nasema mapema ili msomaji asije akadhani ni Mzungu. Wazungu wa Brussels wamenifanyia mambo yao, lakini hili halikuwa lao.

Miaka ile ya mwanzo wa elfu mbili nilikuwa nasafisha ofisi karibu na Schuman, kwenye majengo ya Umoja wa Ulaya. Nilikuwa nimekiona chumba cha kupanga kwenye korido ya maduka pale Porte de Namur, ambapo Wakongo wote wanapita wakitaka kuonekana. Nilitaka kuuza vitenge. Mimi nilisoma Lubumbashi mpaka mwaka wa tano wa shule ya msingi, na Kifaransa changu ni cha ndoo na ufagio. Shemeji akaniambia, "Maman, benye nyumba ba huku habapatiake mwanamuke mujane duka. Acha miye nizungumuze nabo."

Akazungumza nao. Mwezi haukuisha, mkataba ukawa na jina lake, funguo zikawa mfukoni mwake, na ukutani vikaning'inia vitenge. Vitenge, si simu wala nywele za bandia. Hata wazo alilibeba. Nilipolalamika, mchungaji wetu aliniita akaniambia nisamehe kwa sababu ni ndugu. Naye namtaja. Kwa shemeji hakwenda kumwambia arudishe.

Basi nikakaa na ndoo yangu miaka mingi. Lakini Jumamosi nilikuwa napita kwenye ile korido, na sitadanganya, nilikuwa natafuta dalili kwamba duka linakufa. Halikufa. Nikaona kitu kingine.

Kwetu kitenge cha harusi au cha kilio hakichaguliwi na mtu mmoja. Ukoo mzima utakivaa, kwa hiyo wanawake wa ukoo wanakuja pamoja, mashangazi, mama wadogo, wakwe, na kila mmoja ana lake la kusema. Hiki tulikivaa msibani. Hiki kitatufanya tuonekane maskini mbele ya wakwe. Ni kazi ya nusu siku, na inataka watu wakae chini. Kwa shemeji hapakuwa na pa kukaa. Walisimama kwenye korido na mikoba mikononi, wenye magoti mabaya wakaegemea kioo cha saluni ya jirani, na msusi akawagongea kutoka ndani. Shemeji naye: "Bamama, muchague mbio, muko naziba njia." Walichagua kwa hasira, au waliondoka.

Tangu nilipoona hayo sikutaka tena duka kama la shemeji. Nilitaka chumba ambacho wanawake wataketi wagombane kwa raha.

Nilipoanza kutafuta tena, watoto wangu wakiwa wamekua, nilitembea na jirani yangu, mama Mtanzania wa Tanga, mwenye maneno machache na macho makali. Kwenye Chaussée d'Ixelles kijana wa wakala wa nyumba alitusifia dirisha. Dirisha kubwa, watu wanapita, kila mtu ataona. Nikamuuliza wateja wangu watakaa wapi. Akanitazama kama nimeuliza watalala wapi.

"Hili ni kabati," jirani akasema tulipotoka. "Ukiingia wewe, kitenge lazima kitoke."

Tuliona mengi ya namna hiyo. Mwishowe tukafika Schaerbeek, kwenye mtaa wa pembeni si mbali na tramu, palipokuwa na bucha iliyofungwa. Mwenye nyumba, mzee Mturuki, akatufungulia. Ndani, vigae vyeupe mpaka darini. Juu yetu ilizunguka reli ya chuma yenye kulabu za kutundikia nyama, kila kulabu na kigurudumu chake. Na nyuma ya duka kulikuwa na chumba kipana walichokuwa wakikatia nyama, chenye dirisha juu kwenye paa, mwanga unashuka kama maji. Jirani alijiziba pua kwa mtandio.

"Dada, hapa pananuka damu. Hauko serious."

"Panasuguliwa," nikamwambia. "Kwani kazi yangu ni nini?"

Nikapindua makreti mawili, nikaketi, nikamketisha. "Haya, gombana na mimi."

"Kuhusu nini?"

"Rangi yoyote. Nataka nisikie chumba."

Akasema kijani. Nikasema kijani ni rangi ya shemeji. Akasema basi shemeji wako ana macho kuliko wewe. Hapo nikasahau kwamba tunajaribu, nikapandisha sauti. Yule mzee, ambaye hakuelewa neno, alidhani tunagombana kwa sababu ya kodi, akaipunguza bila kuombwa.

Nilisugua vile vigae kwa javel, ile dawa kali ya kung'arisha, mpaka mikono ikachubuka. Halafu nikapanga viti chumba cha nyuma, nikafunga vibanio kwenye kulabu na kutundika vitenge vyangu. Ukivuta kwa kidole, kitenge kinateleza kwenye reli mpaka mbele yako, kizima, kimefunguka. Hakuna duka la Porte de Namur lililokuwa na kitu kama hicho.

Shemeji alipata habari. Jumapili, nje ya kanisa, akawachekesha watu. "Muntu gani atavaa kitenge chenye kililala na mbuzi? Bakwe bakinusa, batazani mbuzi ya mahari imerudi." Walicheka. Mchungaji alicheka pia, nilimwona.

Na kwa muda ilionekana shemeji amesema kweli. Waliofungua mlango wangu walitaka nyama ya kusaga. Kazi ya Schuman nilikuwa nimeiacha, na ofisi zangu amepewa mwingine. Nilijua majira ya kuchipua yakipita hivyo, nitamrudishia mzee funguo zake na kwenda kuomba ndoo mahali.

Ndipo binti wa shemeji akapata mchumba. Kila mtu alijua vitenge vitatoka wapi, baba wa bibi harusi ana duka.

Jumamosi moja mlango ukafunguka, nikajua ni nyama tena. Alikuwa mke wa shemeji. Nyuma yake mashangazi, nyuma ya mashangazi mama yake mzazi, bibi wa bibi harusi, ameshikwa mkono.

"Yaya," akaniuliza, maana kwetu yaya ni dada mkubwa, "kuko viti?"

"Viko."

Walikuwa wamesimama kwenye korido tangu asubuhi. Msusi alimwita mlinzi. Shemeji akamwambia mama mkwe wake asogee, anaziba njia. Bibi akasema hatachagua kitenge cha harusi ya mjukuu wake amesimama kama mtu anayengoja basi.

Pale mlangoni bibi alisita. "Kunanuka nini?"

"Javel, maman."

"Bon. Muntu musafi ananukaka javel." Akaingia, akaketi.

Nikaanza kuvuta reli.

"Ile ya majani tulivaa mu kilio ya papa."

"Na ile ya ndege?"

"Ndege zote zinaangalia mulango. Bibi harusi atakimbia."

"Hii, alors?"

"Hii tutakuwa sawa canapé ya kukalia. Weye ulishakuwa canapé, lakini siye bengine?"

Nilichemsha chai ya tangawizi, nikawagawia. Walipiga kelele, wakapatana, wakagombana upya, wakavua viatu. Kikaja kitenge cha bluu chenye mahindi ya manjano, na mashangazi wakasogeza viti karibu. Bibi akakishika, akakigeuza aone upande wa nyuma. "Donc, njo hii."

Shemeji alikuja kuwatafuta. Alisimama nje, simu mkononi.

"Bamama, mulifika wapi na kuchagua?"

"Tulishachagua," mkewe akajibu kutoka ndani. "Tuko nakunywa chai."

Akachungulia, akaniona.

"Ingia, shemeji," nikasema. "Viti vipo."

Hakuingia. Nikamtolea kreti la bucha, nikaliweka juu ya lami. Alisimama kando yake kwa muda, akitazama huku na huku, halafu akaketi. Wanawake hawakufanya haraka. Walipomaliza, ni yeye aliyebeba mafurushi mpaka kwenye gari, kwenda na kurudi, na mimi nikamshikia mlango.

Ukumbi wote wa harusi ulikuwa bluu na manjano. Tangu hapo wanawake wetu wakisema twende Boucherie, yaani bucha kwa Kifaransa, hakuna anayefikiria nyama. Baba wa bibi harusi naye alivaa, asingeweza kukataa, na shati lake lilitoka kwenye kulabu yangu kama nguo za wengine wote.

Sijamsamehe. Lakini lilimkaa vizuri.