Kutu Iliyokwisha

Ifahamike kwa wote kwamba kutu ya ngano imekwisha. Wizara imetamka hivyo redioni na magazetini, ikaongeza kuwa mbegu mpya ina kinga ya kudumu. Sherehe za ushindi zilipangwa kufanyika katika kituo cha utafiti, ndani ya banda la vioo la Mama Kutu.

Jina hilo alipewa na wenzake kazini, naye hakulikataa. Ni mtaalamu wa ukungu unaoshambulia mimea. Kutu ni ukungu wenye vumbi la rangi ya chungwa, na ina maringo: chupa haitaki, sahani ya maabara haitaki, inataka jani bichi lililo hai. Kwa hiyo kila mara Mama Kutu huihamisha kutoka jani linalokufa kwenda jani changa, asije akaamka hana kitu.

Vyungu vya miche vilivyopangwa ukutani ndivyo vilivyokuwa roho yake. Humo alifuga kutu ya zamani, ile iliyoshindwa na mbegu mpya. Alianza kuilea mwanawe akinyonya. Sasa mwana ananyoa ndevu. Hoja yake ilikuwa nyepesi: kutu hubadilika, na siku itakapoivunja kinga ya mbegu mpya, ataiweka kando ya mzazi wake, yaani hii ya zamani, aone kilichobadilika na pa kuizuia. Bila mzazi, atabaki na masikitiko na ripoti.

"Wagonjwa wako wamekula?" mumewe humuuliza akichelewa kurudi. "Maana sisi wazima tumejipikia."

"Nyie mna miguu ya kwenda jikoni."

Siku ya kuamkia sherehe aliomba ruhusa akamwone mama yake, mkulima wa ngano, ambaye goti lilikuwa linamsumbua. Aliporudi asubuhi alikuta banda linang'aa. Sakafu imepigwa deki, na majani yamenyooka, kijani kitupu.

"Umeona, Daktari?" Mkurugenzi alimpokea mlangoni, tai imemkaba. "Mimea yako ilikuwa inatia aibu. Tumekusaidia."

"Mmepulizia nini, Mzee?"

"Dawa ile uliyoisifu mwenyewe kwenye semina."

Ilikuwa dawa nzuri sana. Aliijua.

"Mzee, ile mimea niliiuguza kwa makusudi."

"Basi imepona. Ulitaka nimwambie mgeni rasmi kwamba kutu imekwisha nchi nzima, ila sisi tunaifuga?"

Mantiki ya Mkurugenzi haikuwa na ufa wa kupitisha hata sindano.

Mtunza bustani alikuwa amesimama na bomba lake mgongoni, akingoja kusifiwa. "Nimerudia mara mbili, mama. Hata chini ya majani, maana najua inajificha huko."

"Umefanya kazi safi," alisema Mama Kutu, na hakumdanganya.

Akachukua kioo cha kukuzia, akapekua jani kwa jani. Alikuta doa moja lililoelekea kuwa hai, akalikwangua juu ya mche mchanga, akaufunika kwa mfuko wenye unyevu, akauficha nyuma ya ndoo kama mtu anayeficha mtoto wa nje. Halafu akaenda kusimama kwenye mstari wa wataalamu. Mgeni rasmi alipita, akashika jani, akasema, "Afya tupu!" Watu wakapiga makofi. Mama Kutu naye alipiga. Mikono haikuwa na kazi nyingine tena.

Mche ule aliungoja hadi siku ambazo madoa yangepaswa kutokea zikapita. Ulirefuka vizuri, mzima kabisa. Aliketi mbele yake akiutazama, na hakuna aliyemuuliza kwa nini analilia mmea wenye afya.

Akiwa bado hapo, mama yake alipiga simu. Goti lilikuwa linaendelea vizuri, alisema, ameanza hata kutembelea shamba. Alitaka tu kuuliza kama mbegu mpya huwa inachafua nguo, kwa sababu alikatiza katikati ya ngano na sketi yake imerudi na rangi ya chungwa hadi magotini.