Bomba Mbele ya Wakwe

Sauti ninayoikumbuka kuliko zote ni ya maji yakigonga kitako cha debe tupu. Kwanza hulia kwa ukali, kisha kadiri debe linavyojaa sauti inanenepa, inatulia. Wakati ule Mwingereza bado anatawala, Buguruni yetu ilikuwa mihogo na minazi zaidi kuliko mji, na maji tuliyachota kisimani bondeni, kwenye utelezi, tukigombania na vyura. Mama alikuwa na mimba ya miezi sita. Alikwisha kuanguka mara moja na debe lake, na tangu hapo kila alipoteremka nilimfuata nimeshika pindo la khanga yake, kana kwamba mtoto wa miaka kumi angeweza kumzuia mtu mzima asianguke. Niliogopa mno.

Ndipo serikali ikatuletea bomba. Likasimamishwa pazuri kabisa, kando ya barabara, mbele ya baraza ambapo wazee wa mtaa walikunywa kahawa kutwa nzima. Likafunguliwa kwa hotuba ndefu, na baada ya hapo hakuna mwanamke aliyeligusa. Waliendelea kuteremka bondeni, mama pamoja nao. Mtaa mzima ulijua sababu na hakuna aliyeisema: pale barazani wamekaa wakwe. Babu yangu mzaa baba alikuwa mmojawapo. Mama angeinamaje mbele ya baba mkwe wake, khanga imelowa, na tumbo lile?

Wiki chache baadaye Mzungu wa maji alirudi na karani wake mkalimani, akakuta bomba limetandwa na buibui. Akauliza kama wanawake hawataki maji. "Wanawake wa siku hizi wavivu, bwana," babu akajibu. Mzungu akasema basi ataling'oa alipeleke Kipawa kwa wanaolitaka. Nilikuwa nimetumwa kupeleka kashata hapo barazani, na bibi alizoea kusema kwa mdomo wangu ule nitaolewa na kiziwi.

"Shikamooni," nikasema. "Mama si mvivu. Anamwonea haya babu. Wote wanawaonea haya nyie."

Karani alisita, akatafsiri, Mzungu akamtaka arudie. Kisha akaniuliza, kupitia kwa karani, bomba likae wapi. Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniuliza jambo la maana kama hilo. Nikawaongoza hadi nyuma ya nyumba, kwenye ua wa makuti ambapo wanawake walitwanga. "Hapa," nikasema, nikapiga mguu chini.

Jioni mama alinichapa fimbo tatu. "Umenivua nguo mbele ya baba mkwe," alisema. Nilizistahili na sikujuta. Lakini bomba lilipohamishiwa uani, siku chache kabla hajajifungua, wanawake wote wamepanga madebe yao kwa kufuata umri, mama alinisukumia debe lake mbele ya wote. "Chota kwanza wewe," akasema. Sijawahi kupewa nishani iliyoizidi ile.

Nilikuja kusoma, nikaajiriwa na shirika la kimataifa la maendeleo, nikafanya kazi ya maji katika nchi ambazo lugha zake sikuzijua. Kila nilipowakuta wataalamu wamekunjua ramani, niliuliza kwanza nani hukaa pale kivulini, na nani anamwonea haya nani. Vijana wa ofisini waliniita Mama Wakwe. Walicheka, kisha wakaanza kuuliza wenyewe kabla sijafika. Naipenda kazi hii kwa moyo wangu wote, na najua ni uani pale nilipoipata.

Siku hizi mdogo wangu, yule aliyekuwa tumboni, ana bomba jikoni kwake, na ana wajukuu. Hunicheka ninapoweka ndoo tupu chini ya bomba hilo na kutega sikio. Simwelezi. Yeye hajawahi kuteremka bondeni hata siku moja.