Mume Anayemuuguza Mama Yake

Wateja walimwita Mikono Myepesi, kwa kuwa alisuka nywele bila kuumiza. Wasichojua ni kwamba kila asubuhi, kabla ya kushika kichwa cha mtu, mikono hiyo ilikuwa imeshamgeuza mama mkwe aliyepooza, imemwogesha, imemlisha na kufua shuka zake. Mumewe, dereva wa lori, nyumbani alikuwa kama mgeni: akirudi anaulizia chakula kwanza, mama baadaye.

Siku hiyo alikuja mteja mpya, mjamzito, mcheshi. Kichwa kikiwa kimesukwa nusu, simu yake ikaita. Kucha zake zilikuwa na rangi mbichi, akaibonyeza kwa kifundo cha kidole, ikapokelewa kwa sauti ya juu.

"Mama watoto, leo siji. Mama kazidiwa."

Nywele zikamponyoka msusi. Sauti ile alilala nayo chumba kimoja.

"Maskini mume wangu," mteja alisema simu ilipokatika. "Anamuuguza mama yake peke yake. Hata kumwogesha ni yeye."

"Hana mke mwingine?"

"Alikuwa naye. Mama alipopooza, akakimbia."

Msusi alifungua mdomo, akaliona lile tumbo, akaufunga. Akasuka mpaka mwisho.

Nyumbani alimweleza mama mkwe. Bibi aligeuza uso ukutani.

"Alishaniletea mtoto wao nimwone. Ningekwambia, ungeondoka. Nani angenishika, mwanangu?"

Hilo lilimchoma kuliko ile simu. Machozi aliyatafuta, hayakuja. Alikuwa amechoka mno hata kulia.

Mume alipoingia, alikuta begi mlangoni na beseni la maji ya uvuguvugu.

"Nimesikia mama unamwogesha wewe," alimwambia. "Haya, maji hayo."

"Nani kakwambia upuuzi huo?"

"Wewe mwenyewe. Simu ilikuwa sauti ya juu, na kichwa nilikuwa nacho mimi."

Msusi aliingia kwa bibi, akamweka mto sawa, akamwambia, "Kwaheri, mama," akabeba begi lake.

Kwa dada yake alilala mpaka mchana wa kesho yake, kama mtu aliyezimia. Siku chache baadaye mume akaja, shati halijapigwa pasi.

"Rudi basi. Mama anakuulizia."

"Msalimie sana."

"Mgongo wake umeanza vidonda."

"Mgeuze mara kwa mara," alisema, akaurudisha mlango taratibu.