Nilitoa albamu ya mawe ya Tabaka Ijumaa jioni, nikamngoja baba yangu aje kuisikiliza

Wakuu, habari za mihangaiko.

Wanaonifahamu humu wananifahamu kwa jambo moja. Mimi ndiye yule wa kuposti uzi wa albamu mpya kila Ijumaa kule jukwaa la muziki. Si Bongo Fleva, si Gengetone, si injili. Ni elektroniki ya majaribio, psychedelic, drone, noise, kazi za watu wanaozitoa wenyewe bila kampuni kubwa nyuma yao.

Majuzi niliwaletea dada mmoja aliyerekodi nguzo za umeme zikivuma akatoa albamu ya dakika arobaini. Nilipata reply moja. Jamaa aliuliza kama spika ya simu yangu imeingia maji.

Sikasiriki, nimezoea.

Leo siwaletei kazi ya mtu. Naleta yangu, na yaliyonipata nilipoitoa. Sijatia chumvi popote, na pale nitakapoonekana mjinga mjue ndivyo nilivyokuwa.

Mimi ni fundi simu Kisii mjini. Nina kibanda changu na chumba cha kupanga, naishi peke yangu. Lakini kwetu ni Tabaka, kule kunakochongwa mawe ya sabuni. Baba yangu ni mchongaji tangu ujana wake. Tunamwita Tata, ndivyo Wakisii tunavyomwita baba.

Kwa wasiojua kazi hii: mwanamume anachonga kwa panga na patasi, kisha mwanamke anakaa na beseni la maji na msasa, analainisha. Vile vinyago mnavyoviona kwenye maduka ya watalii, ule ulaini wake ni mikono ya mama fulani ndani ya maji baridi siku nzima.

Mama yangu ndiye aliyekuwa akipiga msasa kwenye kibanda cha Tata.

Mama alishafariki. Ni kifua. Mwaka wa pili huu.

Sasa, kabla hajafariki, nilikuwa nikienda nyumbani na kirekodi changu kidogo na maikrofoni mbili, narekodi kila kitu. Panga kwenye jiwe. Tupa ikikwaruza. Jiwe likigongwa. Mama akipiga msasa, maji yakimwagika, msasa tena. Alikuwa akinicheka. Aliniuliza kama mjini hakuna kelele hadi nije kubeba za huku.

Baada ya mazishi nilikaa na zile rekodi muda mrefu bila kuzifungua. Nilipozifungua, nikaanza kutengeneza. Nilikuwa nafunga kibanda, nawasha laptop, narefusha sauti, nazipunguza kasi, naweka synth, kinanda cha kielektroniki, chini yake. Nikapata albamu ya track sita. Ya tano ni mama peke yake, dakika tisa.

Lebo moja ndogo ya muziki ya ng'ambo, watu wawili tu na mashine ya kaseti, wakaipenda. Wakasema wataitoa.

Hapa naomba mnielewe. Wageni kuipenda kulinifurahisha, siwezi kudanganya. Lakini nilichokuwa nataka ni kitu kimoja. Nilitaka Tata aisikilize. Yeye ndiye mtu pekee aliyebaki ambaye angesikia ile track akajua ni nani yule. Kwa wengine wote ni sauti ya maji na msasa.

Na mimi na Tata tulikuwa hatuongei. Hatukugombana. Tulizika, watu wakaenda, tukabaki kila mtu na lake. Nikienda nyumbani tunasalimiana, tunaongelea mvua, narudi mjini. Kanisani nilikuwa nimeacha kwenda tangu siku ile. Hakuwahi kuniuliza.

Lebo wakaniambia tarehe, siku ya Ijumaa. Duniani kote kazi mpya zinatoka Ijumaa, ndiyo maana hata uzi wangu ni wa Ijumaa. Kwa saa zetu ingefunguka saa moja jioni.

Nikaona vizuri sana. Jumanne nikaenda Tabaka, nikamkuta Tata kibandani na wenzake. Nikawaambia wote, "Ijumaa jioni, saa moja, hapa hapa. Nitaleta spika na soda. Natoa muziki wa kazi yenu, kuna wazungu wameupenda."

Tata aliniangalia kidogo. Akaniuliza, "Ijumaa jioni?"

Nikasema ndiyo.

Akasema, "Haya," akarudi kwenye jiwe lake.

Nilirudi Kisii nikiwa na furaha ambayo sijaipata siku nyingi. Nilidhani "haya" ni "nitakuja".

Wakuu, wenyeji wa Gusii nadhani mshaanza kucheka. Wengine ngojeni.

Ijumaa nilifunga mapema. Nikabeba spika mgongoni, mikate, kreti ya soda ikafungwa nyuma ya boda. Nikafika Tabaka kama saa kumi na moja. Kibanda kimefungwa, hakuna mtu. Nikajiambia wameenda kuoga, wanavaa. Nilifurahi hata zaidi. Nilikuwa na ufunguo wangu, nikafungua, nikafagia vumbi, nikapanga vigoda. Mawe makubwa nikayaweka nyuma yawe viti vya watakaochelewa!

Nilisahau hata kujiuliza kwa nini yule wa boda alikuwa na haraka hivyo, hataki hata kungoja tushushe vizuri.

Saa kumi na mbili ikapita. Njia nyeupe. Jua likaanza kushuka nyuma ya migomba.

Halafu nikasikia wimbo. Kwanza nyumba ya ng'ambo ya njia, sauti za watoto na mama yao. Kisha nyumba ya juu. Kisha nyumba nyingine ambayo siioni, huko chini. Nyimbo tofauti, kila nyumba na wake, zote za kanisa.

Walikuwa wanaikaribisha Sabato.

Nilizaliwa Msabato, wakuu. Nililelewa kwa hiyo saa. Jua la Ijumaa likizama, redio inazimwa, kazi inawekwa chini, mnakusanyika sebuleni mnaimba mpaka giza liingie, na hadi jua la Jumamosi lizame hakuna muziki wa dunia wala biashara. Mama alikuwa hata sufuria anaosha kabla. Ijumaa yenyewe tunaiita siku ya maandalio. Na mimi nimewaita wazee wa kanisa, baba yangu akiwemo, waje kwenye muziki na soda Ijumaa saa moja jioni.

Mjini Ijumaa ilikuwa imekuwa Ijumaa tu kwangu. Siku ya albamu mpya.

Niliona aibu mpaka masikio yakawa moto. Kisha nikakumbuka lile swali la Tata. "Ijumaa jioni?" Alikuwa ananipa nafasi nijirekebishe. Nami nikasema ndiyo, tena kwa kujiamini. Alichosikia yeye ni kwamba mwanawe ametoka kabisa kanisani.

Saa moja ikafika. Simu ikalia, albamu iko hewani. Lebo walikuwa wamefungua chumba cha chat ili wasikilizaji waisikilize pamoja. Watu kumi hivi, siwajui hata mmoja. Spika sikuiwasha, ningewezaje. Nikavaa headphones, nikakaa kwenye kigoda kimoja kati ya vile nilivyopanga, nyimbo zikiendelea huko nje, mimi naandika "thank you, thank you" kwa watu wa nchi ambazo sijawahi kuziona.

Track ya tano ilipofika, mmoja akaandika kwamba anapenda vile vituo, pale msasa unaposimama na synth inapanda polepole. Akasema inaonekana ni mtu asiye na haraka na maisha. Wengine wakaweka mioyo. Nami nikaweka.

Nilikuwa nimevitengeneza hivyo kwa makusudi. Ile track yote imejengwa juu ya vituo vyake.

Sikuwahi kuwa mpweke kama ile saa moja, wakuu. Hata siku ya mazishi kulikuwa na watu.

Nikalala kwenye saiga yangu, ile nyumba ndogo ya kijana ndani ya boma. Jumamosi Tata alikuwa kanisani tangu asubuhi. Nilijificha ndani kama mwizi, nakula mikate ya wageni. Jua lilipozama tu, message ikaingia kutoka kwa Ombati, mchongaji mwenzake Tata, niliyesoma naye shule ya msingi.

"Bro, pole, simu ilikuwa off. Lakini Ijumaa jioni kweli? Tulidhani unatupima."



Jumapili asubuhi nikaenda kibandani kuchukua spika nirudi mjini. Jumapili kwetu ni siku ya kazi, lakini wenzake wote siku hiyo walikuwa wameenda kupakia mzigo. Tata alikuwa peke yake. Alikuwa amekalia kimojawapo cha vigoda vyangu, vingine hakuvitoa.

"Bwakire, Tata."

"Bwakire buya," akaitikia.

Nikaanza kukunja waya. Nilitaka nikimaliza niombe msamaha. Akasema bila kuinua kichwa, kwa Kikisii, hapa natafsiri:

"Hiyo kitu yako. Iwashe."

Nikawasha.

Aliweka panga chini. Track ya kwanza ni mawe yakigongwa, moja moja. Mchongaji kabla hajaanza hugonga jiwe asikilize, akijua kama ni zima au lina ufa ndani. Basi Tata akaanza kazi yake pale pale.

"Hilo zima," akasema. "Hilo zima. Hilo lina ufa, uliokota wapi?"

"Hapo nje."

"Nililitupa mimi. Na wazungu wamelipenda?"

"Hilo ndilo wamelipenda zaidi."

Akacheka. Wakuu, Tata alicheka! Nilitaka nimkumbatie. Track ya pili akamtambua Ombati kwa jinsi anavyopiga panga, akasema hata kwenye muziki huyu mtu ana pupa. Ya tatu na ya nne akasikiliza akitikisa mguu.

Ikaja ya tano.

Sikuwa nimemwambia. Maji yakamwagika, msasa ukaanza, na kabla hata dakika haijaisha nikamwona amejua. Alivua kofia akaiweka gotini.

Nikangoja aseme ni nzuri. Nilikuwa nangoja neno hilo kuliko chochote.

Msasa ukasimama. Synth ikapanda. Msasa ukaendelea. Ukasimama tena. Tata alikuwa ameinamisha sikio, vile vile alivyofanya kwenye mawe.

"Zima kidogo," akasema. Nikazima.

"Hii ulichukua lini?"

"Mwezi wa nne. Mwaka ule."

"Mwezi wa nne," akarudia. "Huyu hakuwa mtu wa kusimama. Miaka yote, anaanza asubuhi, hainui mkono hadi jiwe liishe. Hapo anatafuta pumzi."



Tata akaendelea, "Mimi aliniambia kifua kinambana mwezi wa nane. Tukaenda hospitali mwezi wa nane." Akaniangalia. Hakuwa na hasira, ningependa angekuwa nayo. "Wewe ulikuwa wapi hapo?"

"Nilikuwa hapa, Tata. Nilikuwa nimekaa hapa."

Na kweli, nilikuwa umbali wa mkono. Nilikuwa na headphones masikioni na maikrofoni mbili zimemwelekea. Hakuna mtu duniani aliyewahi kumsikia mama yangu kwa karibu namna ile. Nakumbuka nilichokuwa nawaza: levels, vipimo vya sauti, ziko sawa, na vile vituo ni vizuri, nitavitumia.

Tata akasema, "Rudisha mwanzo."

Tukaisikiliza tena yote, dakika tisa. Ilipoisha akavaa kofia, akachukua panga, akagonga jiwe lililokuwa mbele yake mara mbili, akaanza kuchonga. Nilikaa naye hadi mchana. Alipoenda kula alinipa msasa na beseni, akaniambia nisikae bure.

Sasa huwa naenda kila Jumapili. Bado hatuongei sana. Napiga msasa vibaya, anarudia nilipoharibu.

Albamu iko hewani, sijaiondoa. Lebo wanasema watu wanaisifia kwa utulivu wake. Sijawaandikia chochote kuhusu ile track ya tano. Nimeshindwa nianzie wapi, ndiyo maana nimeandika hapa, kwenu msiopenda muziki huu.

Nimejifunza vitu viwili. Ukitaka watu wako waje, tumia kalenda yao, usitumie ya wageni. Hicho ni kidogo, nitaishi nacho.

Kingine ni hiki: rekodini wazazi wenu, msiogope kuchekwa. Ila mkishamaliza vueni headphones mumuulize, mama, mbona umesimama? Mimi nilikuwa na nafasi ya kuuliza dakika tisa nzima.

Uzi huu uko wazi, semeni lolote, hata la kunichamba. Lakini kama mama yako yupo na bado anafanya kazi, usinijibu kwanza. Mpigie, mwache aongee, umsikilize anapovuta pumzi. Halafu urudi hapa uniambie yuko sawa.