Tulivyopanga Kuingia Hori la Quionga kwa Kayaki

Miaka ile gesi ilipogunduliwa, nilikuwa mpishi katika nyumba ya wageni pale Palma. Wageni wetu wengi walikuwa watu wa meli za utafiti. Mmoja wao, Mreno wa makamo, alikuja na kayaki ya watu wawili, mtumbwi mwembamba wa plastiki, pamoja na kisanduku cha ndoana alizozifunga mwenyewe kwa manyoya na nyuzi zinazong'aa. Alisema samaki huzidhania dagaa.

Alhamisi, baada ya chakula, alitandaza ramani mezani. Jumamosi ilikuwa siku yake pekee ya mapumziko, naye alitaka kuingia hori la Quionga, mkono mwembamba wa bahari, saa mbili asubuhi, apige kasia katikati ya mikoko mpaka maji yanapoishia.

Nilikuwa nakusanya sahani. Nikamwambia kwa Kireno, "Jumamosi ni bamvua, senhor. Maji yanakupwa sana. Saa nne utakuwa umekaa juu ya matope, na hutoki mpaka mchana."

"Ramani inaonyesha kina cha mita mbili."

"Mimi nimezaliwa pale."

Alinitazama, akasogeza kiti. "Basi nionyeshe."

Nilikaa, nikashika penseli. Tuingie saa saba mchana, maji yakijaa na samaki wakiyafuata mikokoni. Saa kumi tugeuke bila kubishana, tuwe nje kabla jua halijazama. Nilisema "tuingie" kwa makusudi.

Hakuridhika. Ijumaa nilimpeleka kwa mama yangu, aliyeokota kombe za kuliwa katika hori lile tangu usichana wake. Mama alifuata mstari wa ramani kwa kidole.

"Mwambie kwamba aliyeichora alikuja maji yamejaa," alisema. "Hapa sisi tunapita kwa miguu."

Nikafasiri. Mreno akacheka, akafuta saa mbili, akaandika saa saba. Mama alikuwa amekwisha kutoa ndoana moja kwenye kisanduku cha mgeni, anaipuliza manyoya.

"Na hii samaki anakula, mwanangu?"

"Anasema anakula."

"Maskini," akasema mama.

Jumamosi tulifika mapema, hori likiwa tope tupu, wanawake wawili wakilivuka na ndoo zao kichwani. Mreno aliwaangalia mpaka wakafika ng'ambo. Maji yaliporudi tukaingia, mimi mbele. Kwa saa nzima Mreno alirusha ndoana bila kupata kitu. Kisha, penye kijito kimoja cha pembeni, kolekole, samaki mwenye nguvu, akaidaka ndoana na kutuvuta sisi na kayaki yetu. Nilishika mzizi wa mkoko, sikuuachia mpaka samaki akachoka.

Mreno alimtoa, akataka kumrudisha majini. Nikamwambia kwetu hatufanyi hivyo. Akanikabidhi.

Wiki iliyofuata wenzake wawili walikuja jikoni na ramani yao, wakitaka niwapangie hori jingine. Niliwaambia wangoje niepue wali kwanza.