Kompyuta Iliyouliza Majirani

Mwishoni mwa miaka ya tisini niliandikia programu kliniki moja ya Eastlands, na nilikuwa na mdomo. Wodi ya uzazi ilikuwa Kaloleni, maabara na akiba ya damu Eastleigh, gari la wagonjwa likilala gereji karibu na Kiamaiko. Kila mahali palikuwa na kompyuta na programu yake, kila moja imeandikwa na mtu wake, na hakuna iliyosikia lugha ya mwenzake. Mama akivuja damu Kaloleni, sista alipiga simu huku na huku akimwomba Mungu.

Mimi nilitaka tuzitupe zote tuandike moja kubwa. Bosi wetu, Mkamba mpole asiyeinua sauti, akaniangalia.

"Mwanangu, ukifanya arusi hapa mtaani, unajenga ukumbi? Unafuga mbuzi?"

"Hapana, mzee."

"Ukumbi upo. Mbuzi wako Kiamaiko na wachinjaji wao. Sufuria ni za kina mama. Wewe kazi yako ni kuwaita, na kujua nani umwulize nini."

Basi tukafanya hivyo. Kila programu tuliiachia kazi yake, tukaiongezea mlango mmoja wa kujibia maswali, kwa lugha ambayo zote zingesikia. Juu yao tukaweka ukurasa mmoja: unaandika namba ya mgonjwa, ukurasa unauliza wodi kundi lake la damu, unapeleka jibu hilo maabara, kisha unauliza gereji gari liko wapi. Bosi akashikilia jambo moja: asiyejibu upesi asingojwe, majibu ya wengine yaonyeshwe. Nilibisha sana. Ukurasa nusu niliuona aibu.

Wiki ya kwanza tu, mdogo wangu akajifungua pale Kaloleni na damu ikakataa kukoma. Sista akanijia mbio. "Hiyo kitu yako inafanya ama ni pambo?" Nikaandika namba yake, nikakosea. Nikairudia. Jina lake likatokea, O hasi, damu adimu. Mara chini yake: ipo, Eastleigh. Nywele zilinisimama. Programu zisizojuana, zilizoandikwa na watu ambao hawajawahi kunywa chai pamoja, zilikuwa zinamzungumzia mdogo wangu. Mpaka leo nikikumbuka nashangaa.

Mahali pa gari paliandikwa: gereji haijajibu. Kumbe fundi mmoja kule gereji alikuwa ameinua simu kumsalimia mkewe Machakos, na laini ya kompyuta ilikuwa hiyo hiyo. Lau ukurasa ungemngoja amalize habari za ng'ombe, tungezika. Sista aliwapigia Eastleigh papo hapo, na kwa vile magari yalikuwa yamesimama kwa foleni First Avenue, mtu wa maabara akaja na sanduku la barafu kwa miguu, anakimbia.

Alipopata nguvu, mdogo wangu akataka kuiona hiyo mashine. Nikamwonyesha skrini.

"Habari za damu yangu zilikuwa humu?"

"Humu hamna kitu. Inauliza wengine tu."

"Sasa yenyewe inajua nini?"

"Haijui chochote."

Akamhamishia mtoto bega la pili.

"Na mimi niko hai," akasema.