Habu Mbili za Alumini

Kabla sijaona kitu nilisikia nati. Ilianguka juu ya saruji ya gereji, ikajiviringisha, ikazunguka na kuzunguka, kisha ikalala. Nilikuwa uani nafua. Nikangoja sauti ya kufuata, ya mtu kuinama na kuokota, au ya mtu kulaani. Haikuja. Nikaziacha nguo ndani ya karai, nikaenda kuchungulia. Baba alikuwa amesimama kando ya gari, mkono wa kushoto umeushika wa kulia, kama mtu aliyekamata kuku anayetaka kukimbia.

"Baba, nikuokotee?"

"Naiona," akasema. "Haina pa kwenda."

Ilikuwa mara ya tatu wiki ile. Baba alikuwa fundi bandarini Kipevu karibu maisha yake yote, akitengeneza winchi, na alipostaafu akajijengea gereji ya mabati nyuma ya nyumba yetu Changamwe. Mama alipokuwa hai, uzi ukikataa kuingia kwenye tundu la sindano, alimwita yeye. Sasa chai ilimwagika kabla kikombe hakijafika mdomoni. Daktari alikuwa amemwambia kwamba ni mishipa na kwamba haitarudi ilivyokuwa. Yeye alirudi nyumbani akatuambia kapewa vitamini. Cheti nilikiona mimi, nikamwonyesha kaka, tukakirudisha mfukoni mwa koti lake.

Kaka alinizidi miaka minne. Siku za kazi aliendesha lori la makontena. Jumapili alikuwa dereva wa mbio. Gari lake lilikuwa saluni ya milango miwili, kuukuu, lakini injini yake ilikuwa imefumuliwa na kusukwa upya na baba mwenyewe, zamani za uzima wa mikono yake. Walilijaribia kwenye njia ya machimbo ya Mwakirunge, nao walirudi weupe kwa vumbi, baba na mwana, wakicheka kama watu waliotoka kuiba.

Mwaka ule kaka alizitamani habu za alumini za magurudumu ya nyuma. Habu ndiyo kitovu kinacholibeba gurudumu, na zile za zamani zilikuwa za chuma. Kuipakata moja ni kama kupakata mtoto wa mwaka. Baharia mmoja alimletea hizo mpya kutoka ng'ambo, zimefungwa ndani ya mashati. Nilizibeba zote mbili kwa mkono mmoja. Kaka alinieleza kwamba gurudumu zito likirushwa na jiwe hukawia kurudi chini, na gari lisilogusa ardhi halina dereva. Jepesi huifuata njia.

Baba aliigeuza moja, akaigonga kwa ukucha.

"Sufuria hizi. Wataka kukimbia ama kupika?"

"Hata ndege ni za alumini, baba."

"Ndege haipiti Mwakirunge."

Akacheka, kaka akacheka. Kisha baba akasema, kama jambo lisilohitaji jibu, "Nitazifunga mimi." Kaka akanitazama.

Nataka niandike vizuri namna alivyozifunga, kwa sababu niliiona kwa macho yangu. Beringi, ile pete ya chuma inayozungushia gurudumu, huingia ndani ya habu kwa kubana sana, na fundi asiyejua huipiga nyundo. Alumini ni laini, nyundo huiumiza kwa ndani mahali pasipoonekana. Baba alikwenda kwa jirani yetu mwoka mikate, akaomba nafasi ndani ya tanuri, na habu zikawekwa kando ya boflo za alasiri. Beringi alizilaza ndani ya barafu ya wauza samaki. Alisema chuma kikisinyaa kwa baridi na alumini ikitanuka kwa moto, vitaingiana vyenyewe bila ugomvi. Habu zilipotoka alizidondoshea tone la maji. "Likichemka hapo hapo, tayari. Likirukaruka, umeunguza." Likachemka. Akaichukua beringi kwa mikono yote miwili, akaegemeza viwiko vyake kwenye mbavu, akavuta pumzi, akaishika. Mikono ilitulia. Sijui aliutoa wapi ule utulivu. Beringi ikazama moja kwa moja kwa mlio mdogo, kama mfuniko wa birika. Na ya pili vilevile. Mwoka mikate akasema, "Mashallah, mzee," na baba akajifanya hakusikia.

Alhamisi alizifunga kwenye gari, akazikaza nati, kisha akafanya lile alilofanya kila alipomaliza kazi, ada aliyotoka nayo bandarini. Alichovya unyoya wa kuku kwenye kikopo cha rangi nyeupe, akachora mstari kutoka kwenye nati hadi kwenye habu yenyewe. Nati ikilegea, mstari hukatika, na atakayechungulia atajua. Mistari ya baba ilikuwa ikisifiwa Kipevu kote kwa unyoofu. Hii ya Alhamisi ilipinda na kuyumba kama nyayo za kaa mchangani.

Ijumaa asubuhi kaka alinikuta jikoni nimekalia mbuzi nakuna nazi. Shule zilikuwa zimefungwa. Nilikuwa mwalimu wa darasa la pili Port Reitz wakati huo. Mashindano yalikuwa Jumapili.

"Umeiona ile mistari?"

"Nimeiona."

"Mkono uliochora vile ndio uliokaza nati."

"Mwambie basi. Mwambie mkazipime pamoja."

"Nimwambieje? Baba, sikuamini?" Akachukua kipande cha nazi, asikile. "Ningekuwa peke yangu, wallahi ningekwenda hivyo hivyo. Lakini msoma ramani wangu, ninayekaa naye garini, ana mtoto wa miezi mitano. Gurudumu likichomoka machimboni, nitakwenda kumwambia nini mkewe? Kwamba nilimwonea baba haya?"

Nilisema, "Akishakwenda msikitini."

Baba alipotoka na kanzu yake, tuliingia gereji. Kaka akapiga jeki upande wa kulia. Alikuwa na spana ya kupimia, ile inayolia tak nguvu ikitimia. Nati iliyokwisha kukazwa haisemi kweli yote, alisema, sharti uilegeze kwanza kisha uikaze upya. Akaning'inia kwenye spana kwa uzito wake wote, na nati haikutaka. Hapo tungeacha. Ile nguvu ya kukataa kwake ilitosha kuwa jibu. Lakini alikuwa ameshaingiwa na hofu, na hofu haisikii. Akaikanyaga kwa mguu, nati ikatoa kilio, ikazunguka. Akaikaza tena mpaka spana ikalia tak. Mstari wa baba ukarudi ukakutana mahali pale pale ulipokatika, nukta kwa nukta.

Kaka akakaa chini juu ya saruji. "Ilikuwa sawa," akasema. "Kama kitabuni."

Upande wa kushoto hatukuugusa. Hatukuwa na haja tena, wala uso. Lakini pale nati ilipolia rangi ilikuwa imebanduka, na baba angeona. Nilifuta mabaki kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, nikachovya unyoya, nikachora. Mkono wangu ulikuwa umezoea ubao na chaki, mistari ya kuwafundishia watoto kuandika. Sikufikiri. Niliuvuta mmoja, mrefu, ulionyooka kama rula, na nakumbuka, ndiyo, nakumbuka kwamba niliutazama nikaona ni mzuri.

Baba alirudi, na kabla ya kuvua kofia aliingia kulitazama gari lake. Alikunja kanzu, akachutama upande wa kushoto. Akazunguka, akachutama wa kulia. Alikaa pale muda mrefu kwa mtu anayetazama mstari mmoja.

"Nani aliyepaka huku?"

Kaka akafungua mdomo. Mimi nikatangulia. "Mimi, baba."

"Unao mkono mzuri, mwanangu." Alisema hivyo bila kejeli, na ingekuwa kejeli ingeniuma kidogo kuliko ilivyoniuma. Kisha akamgeukia kaka. "Ulikuta imelegea?"

"La, baba. Ilikuwa sawa."

"Sawa kidogo ama sawa?"

"Sawasawa, baba. Ilirudi pale pale."

Baba akaitikia kwa kichwa. Akashika ukingo wa gari, akanyanyuka kwa shida, nasi hatukuthubutu kumsaidia.

"Ingekuwa imelegea," akasema, "mngekuwa na haki."

Nje muuza maji alikuwa anasukuma mkokoteni wake, akimwita mtu kwa utani, na mtu akimjibu.

"Haya," baba akasema. "Fungueni na upande wa pili."

"Hapana haja, baba."

"Fungua. Gari haliendi mbioni na mafundi wawili. Mmoja ndiye atakayejibu likitokea lolote."

Kaka alifungua na kukaza, machozi yakimshuka bila sauti, spana ikalia tak, na mstari ule ukarudi ukakutana nao kama wa kwanza. Baba mwenyewe akanipa unyoya. Nilijaribu kuutetemesha mkono wangu, wallahi nilijaribu, naye akaona. "Nyoosha," akaniambia. Nikanyoosha.

Gari lilirudi zima Jumapili ile, na zile habu zilidumu hadi lilipouzwa. Kila mtu alisema zimefungwa vizuri. Kaka alikuwa akijibu kwamba ni kazi ya baba, lakini alisema hivyo akitazama kando. Baba hakushika spana tena hadi alipofariki, mwaka wa pili wake. Wateja walipokuja aliwaelekeza gereji nyingine, akiwasifia sana mafundi wa huko.

Lakini hayo yalikuwa baadaye. Ijumaa ile alikwenda kwenye ndoo ya pembeni mwa gereji, akanawa mikono ambayo haikuwa na uchafu wowote, akaifuta kwenye kanzu yake nyeupe, jambo ambalo mama asingelikubali.

"Wali uko tayari, baba," nikasema.

"Kuleni nyinyi."

Akapita katikati yetu, akainamisha kichwa pale kwenye kizingiti kifupi, akatoka, akauvuta mlango wa bati nyuma yake, sisi tukiwa ndani, polepole, mpaka ukafungika.